Amonia, Kalamu na Plota: Tulivyotoa Ramani Dar es Salaam

Ninyi mliojifunzia kazi kwenye kompyuta, mwanangu, karatasi huwajia mwishoni, pale mwenye nyumba anapodai nakala za kupeleka manispaa zikagongwe mhuri. Mnabonyeza, mnasubiri kidogo, mnakunja, mnaondoka. Nakuandikia haya kwa kuwa hatua hiyo mnayoipita mbiombio, ya kuitoa ramani kwenye mashine na kuifikisha mikononi mwa fundi, ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na naamini mpaka leo ndipo ramani inapopona au kuharibika. Kilichoko kwenye skrini unaweza kukibadilisha saa yoyote upendayo. Fundi hujenga kile kilichomfikia kwenye karatasi.

Nilipoajiriwa kuchora ramani katika ofisi moja ya wahandisi washauri karibu na Posta, Mwalimu alikuwa bado Ikulu na sabuni ilikuwa ikipangiwa foleni. Wakubwa wetu ofisini walikuwa watu wa kizazi cha Beda Amuli, yule msanifu majengo aliyebuni soko la Kariakoo, na walimtaja kwa heshima ileile ambayo watu wa mpira huwatajia wachezaji wao wa zamani. Tulikaa safu mbili, kila mtu na ubao wake mkubwa ulioinamishwa, madirisha wazi upande wa bandari ili upepo uingie, na mawe madogo ya ufukweni yakizuia karatasi zisiruke. Tulichorea trasingi, ile karatasi yenye kupenyeza mwanga, ambayo ikipata unyevu hujikunja na kuvimba. Dar unaijua. Kaskazi ikilegea mwezi wa Machi, jasho linakutiririka mkononi hata ukiwa umekaa kimya. Kila mchoraji alikuwa na leso au kipande cha khanga alichokitandika chini ya kiganja, na ole wako tone lidondoke kwenye ukuta uliouchora asubuhi nzima. Ukikosea, ulichukua wembe ukaukwangua wino taratibu, kisha ukapasugua kwa ukucha mpaka karatasi ilale tena, ndipo upitishe kalamu upya. Trasingi iliyokwanguliwa mara tatu mahali pamoja hutoboka, na hapo unaianza karatasi nzima upya.

Kalamu zenyewe zilikuwa Rotring, zikitoka Hamburg, na zilikuwa mali. Kila moja ilikuwa na mkanda wa rangi kuonyesha unene wake: mweupe 0.25 ya milimita, wa manjano 0.35, wa kahawia 0.5, wa buluu 0.7. Ukizitazama namba hizo utaona kila unene unauzidi uliotangulia kwa takriban mara 1.4, na hiyo ndiyo kadiri ambayo kila upande wa karatasi ya A1 unaizidi A2. Waliopanga vipimo hivyo walikusudia kwamba ukiipunguza ramani ya A1 iwe A2, mstari wa 0.5 uangukie palepale kwenye 0.35, nawe uweze kuendelea kuchora juu yake kwa kalamu uliyonayo bila mtu kuona kiungo. Mstari mzito ulikuwa wa kile kinachokatwa, yaani ukuta, nguzo na slabu. Mwembamba ulikuwa wa milango, vyombo na vipimo. Fundi aliyekomaa aliisoma ramani kwa unene wa mistari kabla hajasoma neno hata moja. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17 kwa bei ya serikali. Ilipofika 1990, ilikuwa karibu na 200. Mzee Mwinyi alikuwa ameruhusu biashara, maduka yakajaa, kalamu zikaonekana tena madirishani, lakini seti moja ilikuwa imeuzidi mshahara wangu wa mwezi. Tulizihesabu kila jioni na kuzifungia kabatini pamoja na hati za mradi.

Mwisho wa ushoroba kulikuwa na chumba cha amonia. Nataka ukielewe chumba hicho, kwa sababu hukijui na hutakijua. Trasingi ilikuwa moja tu, na haikutoka ofisini. Kwenda kwa mkandarasi, kwa mwenye mali na kwa fundi zilikwenda nakala. Karatasi ya nakala ilikuja imefungwa plastiki nyeusi, upande mmoja umepakwa dawa ya manjano isiyovumilia mwanga. Uliilaza trasingi juu yake, ukaziingiza zote mbili kwenye rola za mashine, zikaizunguka taa kali. Mwanga ulipopenya, dawa ilikufa. Uliposimamishwa na mstari wa wino, dawa ilibaki hai. Kisha nakala peke yake ilipitishwa kwenye mvuke wa amonia, na ile dawa iliyobaki ikageuka buluu mbele ya macho yako, ukuta kwa ukuta. Watu waliziita ramani za buluu, ingawa ramani za buluu za zamani, zilizotokana na ugunduzi wa Mwingereza John Herschel wa mwaka 1842, zilikuwa na mistari myeupe juu ya karatasi ya buluu, kinyume na zetu. Amonia ilichoma macho na kupanda puani mpaka kwenye paji la uso. Ilinata kwenye shati. Mama yako mkubwa alijua kama siku hiyo tumetoa nakala nyingi kabla sijavua viatu, na shati lilianikwa nje usiku kucha kabla ya kuchanganywa na nguo nyingine.

Aliyeimiliki mashine ile, maana hakuna aliyethubutu kuigusa yeye akiwepo, alikuwa mzee mmoja wa Tanga, mrefu, mwenye kofia ya viua na macho yaliyogeuka mekundu moja kwa moja. Shule alisoma kidogo, lakini jicho lake lilikuwa la ajabu. Mashine ilikuwa na kirungu cha mwendo: ukiipeleka upesi mno, nakala inatoka na ukungu mchafu wa buluu kote; ukiipeleka polepole mno, mistari myembamba inaungua na vipimo vinatoweka. Mzee aliikata karatasi kipande cha upana wa vidole viwili, akakipitisha kwanza na kona ya trasingi, akakitazama dirishani, akakigeuza kirungu kidogo tu, ndipo akaanza. Nje ya mlango walisubiri madereva wa makandarasi, makarani, na vijana wa saiti wenye viatu vya matope mekundu. Nakala moja ya A1 iligharimu kama sahani ya wali maharage kwa mama ntilie wa nyuma ya jengo, na bei hizo mbili zilipanda pamoja miaka yote niliyokuwa pale.

Kando ya mashine, juu ya stuli, lilikaa daftari kubwa la jalada jeusi. Kila nakala iliyotoka, mzee aliandika namba ya ramani, herufi ya marekebisho, tarehe, na jina la aliyeichukua. Mtu akija kuchukua marekebisho C, alitakiwa arudishe B aliyopewa zamani. Asiporudisha, mzee hakugombana naye, alikaa tu na kumtazama mpaka akaenda kuileta. Zile za zamani alizichana pembe. Kwa sababu kila karatasi ya ofisi ilipita mikononi mwake, aliwahi kukamata makosa ambayo wahandisi wenye shahada waliyapitisha: ngazi iliyohamishwa kwenye ramani ya chini ikaachwa palepale kwenye ramani ya juu, herufi ya marekebisho iliyosahauliwa kubadilishwa. Alikuwa anainyanyua ile trasingi, anaibeba mpaka mezani kwako, anaweka kidole mahali penyewe na kunyamaza.

Kompyuta ilitukuta hapo. Tangu 1974 serikali ilikuwa imezuia kuingizwa kwa kompyuta nchini bila kibali, kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tumezeeka kazini bila kuiona. Yetu iliingia na mradi wa barabara, miaka ile wafadhili walipoanza kumimina fedha kufufua barabara zilizokufa, na ndani yake ilikuwemo AutoCAD, programu iliyoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 1982 kwa dola 1,000 hivi na kampuni ambayo John Walker na wenzake walikuwa wameianzisha mwaka huohuo. Walikuwa wamelenga kompyuta ndogo za mezani, wakati uchoraji wa kompyuta ulikuwa bado mali ya viwanda vikubwa vya ndege na magari. Skrini yake ilikuwa nyeusi, na juu yake mistari yote ilikuwa na unene mmoja. Hilo lilitusumbua kuliko kitu kingine chochote. Ukuta na kitasa cha mlango vilikuwa sawa machoni. Kilichovitofautisha kilikuwa rangi: nyekundu ilikuwa namba 1, manjano 2, kijani 3, na kuendelea, na kila rangi ilipewa kalamu yake kwenye plota. Rangi haikuwa na maana nyingine. Mhandisi mkuu aliliandika jedwali hilo kwa mkono wake na kulibandika ukutani, na mchoraji aliyechora boriti kwa rangi ya vipimo aliipata boriti nyembamba kama uzi.

Sasa plota. Ilikuwa ya Hewlett-Packard, ya kalamu nane, ikisimama kwa miguu yake na urefu wa kufika kifuani. Karatasi ilibanwa na magurudumu madogo yenye chenga kama msasa, ikawa inakwenda mbele na nyuma, huku kalamu ikikimbia kushoto na kulia. Miendo hiyo miwili ikikutana, duara linatokea. Kompyuta iliipa amri fupifupi kwa lugha iitwayo HP-GL: PU, inua kalamu, PD, ishushe, SP, badilisha, na kila safari ikihesabiwa kwa vipande vya milimita 0.025. Ilichora kwa kalamu moja mpaka ikaimaliza kazi yake yote, ndipo iirudishe kwenye kifuniko chake na kuchukua nyingine. Kwa hiyo uliiona nyumba ikija kwa mpangilio ambao hakuna binadamu angeuchora: nguzo zote kwanza zikielea peke yake kwenye weupe, kisha kuta zikizifuata, kisha milango, kisha mvua ya vipimo na maandishi, herufi moja moja, kalamu ikigonga karatasi tik-tik-tik mpaka chumba cha pili kusikika. Ramani ya A0, ile ya mita moja ya mraba kamili, iliweza kuchukua saa nzima na zaidi. Kwenye filamu ya plastiki, ambayo unyevu wa Dar hauivimbishi, wino haukauki upesi, hivyo tulipunguza mwendo wa kalamu na kusubiri muda mrefu zaidi.

Kusubiri huko hakukuwa kukaa bure. Kalamu ya wino ikipumzika kwenye joto hukauka nchani, na plota haikuwa na macho. Ingeendelea kutembea na kalamu kavu ikichora hewa, na ungekuja kuikuta ramani nzuri isiyo na kipimo hata kimoja. Kwa hiyo mtu alisimama pale muda wote, kitambaa mkononi, akiitazama. Na mtu anayetazama ramani yake ikichorwa polepole kwa saa nzima, mstari baada ya mstari, huiona kwa namna ambayo hakuiona alipokuwa akiichora. Tuligundua pale, tukiwa tumesimama, kwamba dirisha limeangukia kwenye nguzo, kwamba mfereji wa maji machafu unapanda mlima. Mzee wa amonia naye alianza kuja kusimama nasi. Mwanzoni alikuja kuitazama mashine. Baadaye alikuja kuisoma ramani.

Mwaka 1994, maji ya bwawa la Mtera yaliposhuka na mgao wa umeme ukawa wa saa nyingi kila siku, tulihamia usiku. Umeme ukikatika katikati ya ramani hakuna kuendelea palepale. Plota ikiwashwa ilikuwa imesahau kila kitu, na karatasi iliyotolewa hairudi mahali pake kwa usahihi wa nywele. Tulilala ofisini juu ya maboksi, tukaamka taa zikiwaka, mmoja anawasha, mwingine ananoa macho, na kahawa ya muuza kahawa wa kona, kikombe kidogo na kashata, ikatuvusha hadi alfajiri.

Kisa kimoja nakirudia kila nikutanapo na mchoraji kijana, nawe kisikilize. Kilitokea katika ofisi nyingine ya mjini, siitaji. Walikuwa na zahanati ya kujengwa upande wa Kisarawe, ramani ya skeli ya 1:100 kwenye A1. Kalamu ya plota haifiki ukingoni mwa karatasi. Fremu ya ramani yao ilikuwa imesogea mno pembeni, ikawa inakatwa. Kijana aliyekuwa na haraka akachagua ile amri inayoifinya ramani iingie yote kwenye nafasi iliyopo. Ikaingia. Ikatoka safi, mistari imetulia, maandishi ya pembeni bado yakisema 1:100, kumbe imekuwa kama 1:107. Ramani ilipofika saiti, vipimo vilikuwa vimeandikwa kwenye kuta za nje tu. Kuta za ndani fundi msaidizi alizipima kwa rula ya skeli, akapiga vigingi na kuvuta kamba. Fundi mkuu, mzee wa Kizaramo aliyejenga tangu enzi za mkoloni, alipokuja asubuhi alisimama kwenye msingi akaona hapakumpendeza. Akaichukua rula mwenyewe, akaiweka juu ya chumba cha pembeni kilichoandikwa 3600. Rula ikasoma mita 3.36. Sentimita 24 zimepotea, na katika zahanati sentimita 24 ndizo kitanda cha mgonjwa kupita mlangoni au kutopita. Akasimamisha wachimbaji, akaiviringisha ramani kwenye mfuko wa nailoni, akapanda basi kuja mjini. Niliiona ramani ile mwenyewe walipokuja kuomba tuwachapie nyingine, na alama za vidole vyake vyekundu juu ya kile chumba. Tangu siku hiyo kila ramani yetu ilichorwa mstari pembeni wenye urefu wa milimita 100 kamili za karatasi, na hakuna iliyotoka kabla ya mtu kuupima kwa rula ya chuma. Ufanye hivyo nawe. PDF zenu zina ile amri ileile ya kufinya, na mashine nyingi za mitaani huitumia bila kumuuliza mtu.

Mwaka 1991 Hewlett-Packard walikuwa wametoa DesignJet ya kwanza, plota isiyo na kalamu, yenye kichwa kinachorusha wino wa matone, na katikati ya miaka ya tisini mashine ya aina hiyo ilitufikia. Ramani ya saa nzima ilitoka kwa dakika chache, ikishuka kutoka juu kwenda chini kipande kwa kipande, milango na nguzo na maandishi kwa pamoja. Unene wa mstari ukawa namba ya kuandika tu. Sikuisikitikia kalamu iliyokauka, wala macho yangu hayakuisikitikia amonia. Kwa kuwa kila nakala sasa ilitoka moja kwa moja kwenye kompyuta, chumba cha ushoroba kilifungwa, kikawa stoo, na mzee akastaafu, akapewa redio na mkono wa kwaheri, akarudi Tanga.

Lakini hakuna aliyelichukua daftari. Katika hesabu zote za ofisi, gharama ya karatasi, ya wino, ya mashine, daftari lile halikuwa na safu yake. Kila mchoraji akawa anajitolea nakala mezani kwake, akimpa dereva aliyekuwa mlangoni. Hazikupita siku nyingi tukawa na saiti moja yenye marekebisho B na D kwa wakati mmoja, seremala na fundi nondo kila mmoja akiapa kwa karatasi yake, na wote wawili wakisema kweli. Saa ya kusimama na kutazama nayo ilikwenda na kalamu. Ramani iliyotoka kwa dakika tatu ilikunjwa kwa dakika ya nne. Ilibidi tuvirudishe vyote viwili kwa nguvu: karani mmoja pekee wa kutoa nakala, mwenye daftari, na kila ramani kulazwa mezani ikasomwa kwa kalamu nyekundu na mtu ambaye hakuichora, kabla ya sahihi. Vijana walilalamika kwamba tunawachelewesha. Nililisimamia hilo mpaka nilipostaafu, na ningelisimamia leo.

Kisha yakaja maduka ya kuchapa, Kariakoo na kule mjini, na watu wakawa wanatembea na disketi za megabaiti 1.44 mfukoni. Kijana analeta faili bila lile jedwali la rangi na kalamu; dukani wanalifungua, kila mstari unatoka mzito uleule, na herufi alizotumia hazimo, zinageuka visanduku. Toleo la AutoCAD 2000 lilileta jedwali hilo ndani ya faili dogo la kubeba pamoja na ramani, na waliojua walilibeba. Wengi mpaka leo hawalibebi.

Miaka michache iliyopita mwenye jengo moja tulilolifanyia kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini alitaka kuongeza ghorofa. Mhandisi wake, binti wa umri wako, alinitafuta aulize kama nguzo zitahimili. Disketi zilikuwepo, zimepangwa vizuri ndani ya boksi la viatu, na hakuna hata moja iliyosomeka. Nakala za buluu alizohifadhi mwenye jengo zilikuwa zimefifia kwa mwanga, zimebaki madoa. Kilichokuwepo ni filamu za plota, kwenye droo ya bati, wino bado mweusi. Tulizilaza juu ya meza ya kulia chakula, akazihesabu nondo za nguzo za chini moja baada ya nyingine, akaandika ukubwa wake, kisha akaenda kwenye jengo kutoboa zege sehemu mbili ahakikishe. Alizikuta mahali pake, idadi ileile na ukubwa uleule, na ghorofa ikaongezwa.